Mwiba wa Gogogo na Moyo Ulionificha

Baba Neema wangu,

Nakuandikia nikiwa na hasira, bora ulijue hilo mapema.

Unakumbuka ulivyonitongoza pale Mwamkulu? Mimi napalilia mahindi, wewe umesimama na baiskeli yako ya dagaa. "Dada, moyo unaniruka." Nilicheka mpaka nikakata mche wa watu. Tangu siku hiyo ikawa ndiyo dawa yako. Ukichelewa kurudi, moyo unaniruka. Ukitaka chai ya pili, moyo unaniruka. Mwongo we! Na mimi nilikupenda hivyohivyo.

Halafu ile asubuhi hapa Kapalamsenga. Ulikuwa unatoa gogogo, yule samaki wa miiba, kwenye wavu, ukajisahau, mwiba wake ukakuingia kiganjani. Ulirudi umeshika mkono, jasho linakutiririka. Mdogo wako akaleta jiwe jeusi, akachanja, akalibandika. Sote tulilelewa hivyo: jiwe linang'ang'ania mpaka linyonye sumu yote, likishiba linaanguka lenyewe. Mchana likaanguka. Tukashangilia, wajinga sisi, nami nikasonga ugali.

Ndipo ukaniita. "Mama Neema, moyo unaniruka."

Nikakujibu, "Haya, ameanza huyu! Kula kwanza." Ukanawa ule mkono mzima. Jua halijazama, ulishaondoka.

Baada ya mazishi nilikwenda zahanati kuuliza mwiba wa samaki unauaje mwanaume mzima. Daktari akanikalisha. "Mama, sumu ile haikai mkononi tu. Inaweza kuingia kwenye damu, na moyo nao ni msuli. Ukivurugwa unadunda ovyo, unashindwa kusukuma damu. Wengi wanaishia maumivu makali tu. Ila mwenye moyo uliochoka anatakiwa akimbizwe hospitali. Yeye alikuwa na shida ya moyo?" Nikasema hapana, kwa kujiamini kabisa.

Nilipokunja nguo zako nikakuta vidonge kwenye koti, na kadi ya kliniki ya Mpanda. Moyo umetanuka, imeandikwa. Na mimi ukaniambia ni gesi! Kila ukihema kwenye kile kimlima cha kisimani, gesi. Ulinigeuzia moyo kuwa mzaha, ule wenyewe ukaufungia kwenye koti. Ningejua ningekubeba mgongoni, Baba Neema. Ulinionaje mimi, mtoto? Na mimi nilishindwaje hata kukutazama usoni siku ile, nimeinamia sufuria tu?

Wiki iliyopita jirani yetu, Baba Shukuru, naye kachomwa na gogogo. Wakaleta jiwe lao. Nikalinyakua nikalitupa uani. "Nyie, mwulizeni kifua! Mwulizeni moyo wake unakwendaje!" Wakaniona nimechanganyikiwa. Nikauloweka mkono wake kwenye maji ya moto, yale ya kuvumilika kama daktari alivyonifundisha, nikapiga kelele mpaka wakampakia kwenye bodaboda kumkimbiza hospitali.

Leo asubuhi amekuja kunishukuru. Kashika kuku, mkewe yuko nyuma yake anamcheka kwamba alilia kama kichanga. Nimempokea kuku, nimewaambia karibuni tena. Wakaondoka wanataniana njia nzima, nawasikia.

Nimefunga mlango nikalia. Wala si furaha. Nimemchukia yule mwanaume kwa kupona, Baba Neema, na mkono wangu ndio uliomponya.

Pumzika basi. Msamaha wangu usiungoje leo.

Mkeo,
Mama Neema