Soksi Moja Nyekundu

Iyunga, Alhamisi. Ukungu haujaondoka tangu asubuhi na sasa inakaribia saa sita. Nasikia malori yakipanda barabara kuu lakini siyaoni. Eliza, binti yangu, amenivika sweta mbili na kuweka jiko la mkaa mlangoni, si ndani, maana kifua changu hakitaki tena moshi. Naandika kwa kidole kimoja, na mara nyingi kinagonga herufi isiyo yake.

Nina aibu. Nimeanza na ukungu ili nichelewe kufika hapo.

Wanaosoma ukurasa wangu huu wa mtandaoni wananijua kama mwalimu mstaafu anayeandika habari za miche ya parachichi, mahubiri marefu na vidonge vya presha. Wengine wamekuja hapa kwa sababu ya Katundu. Kwa asiyemjua, Katundu ni tumbili wa katuni, anayeonyeshwa kila Jumamosi jioni kwenye runinga, na marudio siku nyingine, na muda wote kwenye simu za watoto. Ni mwongo, mwizi wa ndizi, anawatania wafalme mbele ya askari wao, na hafi. Katika kila sehemu ya katuni Kifo, mzee mrefu mwenye koti la mvua, huja kumchukua na kubisha hodi. Katundu hujibu kutoka ndani kwa sauti ya kike: "Hayupo, ametoka kidogo." Kisha humfanyia Kifo kituko, na Kifo hurudi mikono mitupu. Mguu wa kushoto wa Katundu una soksi nyekundu. Wa kulia hauna kitu. Mjukuu wangu huenda dukani na soksi moja, na wenzake hapa mtaani hufanya hivyohivyo.

Mwanzoni mwa kila sehemu hutokea maandishi yanayosema kwamba hadithi hii ni ya mababu na kwamba aliyeihifadhi ni mimi. Jina langu lote lipo, na neno Mwalimu mbele yake.

Ni uongo.

Jumatatu Zawadi alinipigia simu. Zawadi nilimfundisha darasa la nne kule Ilula, na sasa anaongoza kikundi cha vijana wanaoichora katuni hiyo mjini Iringa. Alinisalimia kwa adabu yake ileile, akauliza kifua, kisha akasema msimu unaisha na wenzake wameona Katundu afe katika sehemu ya mwisho. "Watoto watalia, Mwalimu, lakini hawatasahau. Tumesema hatuwezi kumgusa bila ruhusa ya mwenyewe."

Mwenyewe, eti, ndiye mimi. Nilikuwa nimechoka. Na tena nilifurahi kuombwa ruhusa, hilo nalo niliseme. Nikamjibu, "Kila kiumbe hufa, Zawadi. Fanyeni mnavyoona." Akashukuru, akasema sauti zitarekodiwa Ijumaa.

Nilibaki na kikombe cha uji mkononi mpaka kikapoa. Maneno yale niliwahi kuyasema zamani, kwa mpangilio uleule, na niliyemwambia alikuwa mtoto wa miaka sita.

Mdogo wangu Subilaga alikuja kukaa kwangu Ilula akitokea Rujewa alikoolewa. Alikuja na binti yake Tusajigwe, tuliyemwita Tusa. Mtoto alikuwa na ugonjwa wa moyo, na kwangu kulikuwa karibu zaidi na hospitali. Nyumba yangu ya ualimu ilikuwa na vyumba viwili na jiko. Subilaga hakuvuka darasa la pili. Baba alitaka mmoja wetu asome mpaka mwisho, na huyo mmoja nilikuwa mimi. Mchana aliuza nyanya kando ya barabara, akikimbilia mabasi na ndoo kichwani. Jioni, jua likiwa bado lipo, alikaa jikoni akichambua zilizobaki, mbovu huku, nzima huku, na Tusa amelala kwenye mkeka karibu na magoti yake. Hapo ndipo Katundu alipozaliwa. Hakutoka kwa babu yeyote. Alitoka kinywani mwa mdogo wangu, mikono yake ikinuka nyanya.

Mimi nilikuwa chumba cha pili, nikisahihisha madaftari, na nilisikia kila neno.

Miguu ya Tusa ilikuwa inavimba, wa kulia zaidi. Kwa ajili ya baridi Subilaga alimtafutia soksi nyekundu za sufu. Moja iliingia, nyingine ikakataa. Mtoto akaona haya, akawa anauficha ule mguu chini ya kanga. Jioni yake, katika hadithi, Katundu naye aliiba soksi za mke wa mfalme, akapoteza moja njiani akikimbizwa. Tangu siku ile akatembea na soksi moja, na kujidai sana.

Wakati huo alikuwa tumbili mtundu tu. Kifo hakuwamo katika hadithi. Kifo nilimleta mimi.

Mchana mmoja, mama yake akiwa barabarani, Tusa aliniita.

"Mjomba, Katundu naye atakufa?"

Nilikuwa na madaftari arobaini mezani. Sikuinua kichwa. "Kila kiumbe hufa, Tusa. Lala."

Hakulia kwa sauti. Moyo wake haukuwa na nguvu za kulia kwa sauti.

Subilaga aliporudi alimkuta amegeukia ukutani. Akaniuliza nimemwambia nini, nami nikamwambia, tena kwa kujiamini, kama mtu aliyejibu swali la mtihani. Alinitazama hata ndoo hajaitua. "Kaka, shule yote hiyo uliyosoma, ndicho ulichotuletea?" Akaingia jikoni. Na jioni ile, kwa mara ya kwanza, Kifo alibisha hodi kwa Katundu, na sauti ya kike ikajibu kutoka ndani kwamba hayupo, ametoka kidogo.

Nilisikia Tusa akicheka. Kicheko kifupi, kilichokatika katikati ili apumue, kikaendelea.

Kesho yake Katundu alijificha ndani ya tenga la nyanya. Kifo akalichoma tenga kwa fimbo, majimaji mekundu yakatiririka, akadhani kazi imekwisha, akaenda zake anapiga mluzi. Mmeiona sehemu hiyo. Watu huniandikia kuisifu. Ni jikoni kwetu, ni tenga la Subilaga, na ni binti yake aliyekuwa akiuliza kila mara, "Hafi?" Na mama akijibu, "Hafi."

Tusa alifariki kabla ya mvua za kwanza. Tulimzika Rujewa. Baada ya matanga mdogo wangu alinivuta pembeni, akasema, "Kaka, habari za Katundu zilikuwa za Tusa. Usizisimulie." Nikaahidi. Nilikuwa naahidi huku daftari limejaa tayari sandukuni, maana kila jioni nilikuwa nayaandika aliyokuwa akiyasema, kwa mwandiko wangu mzuri wa ubaoni.

Ahadi niliivunja siku moja ya mvua. Mabati yalipiga kelele, darasa la nne halisikii, mimi sauti imenikauka. Nikasogeza kiti katikati yao, nikasimulia la tenga. Wakatulia kama maji ya mtungini. Miaka yangu yote ya ualimu hakuna aliyewahi kunisikiliza hivyo. Walipouliza nimeitoa wapi, nikasema ni ya mababu.

Neno hilo linamfaa sana mwizi. Ukishalisema hakuna anayeuliza zaidi, watu huinamisha vichwa kwa heshima. Babu yangu mzaa baba nilimwona mara mbili. Sikumsikia akisema kitu ila kuomba maji ya kunywa.

Zawadi alikuwa katika darasa lile. Alipokua akanitafuta, na katuni ikazaliwa. Siku ya kuizindua Iringa walinivika mgolole, shuka la wazee la kufunga begani, na kunikalisha mbele. Mtangazaji akaniuliza maana ya soksi moja. Ningeweza kusema. Kipaza sauti kilikuwa mkononi mwangu na nafasi ilikuwepo. Badala yake nilijibu kwamba mguu wenye soksi ni wa dunia hii na mguu mtupu ni wa dunia ya waliotangulia, na kwamba wazee wetu walijua tumbili husimama katikati. Ukumbi ulipiga makofi. Niliona mtu akiandika.

Babu yangu hakuvaa soksi maishani mwake, na hakuna aliyeuliza.

Mguu uliovimba wa mtoto wa mdogo wangu niliubadilisha kwa makofi. Sijui niliseme vipi kwa upole zaidi ya hapo, na sitaki kulisema kwa upole.

Subilaga hakujua. Hana runinga, na miaka hii tumekuwa tukionana misibani tu. Jumanne, siku moja baada ya Zawadi kupiga, simu yangu iliita tena.

"Shikamoo kaka."

"Marahaba, Suba."

"Nimekuja mashineni kukoboa mpunga. Kuna runinga hapa." Nyuma yake mashine ilikuwa inanguruma. "Nimemwona."

"Umemwona nani?" nikauliza. Mtu mzima na mvi zangu.

"Usinifanye mtoto, kaka. Nimeiona soksi."

Akaendelea, "Wanawake wote hapa wanacheka, wananiambia mama Tusa tazama hicho kituko. Na mimi nikacheka. Nikacheka kabla sijakumbuka. Ndipo nikatafuta gunia la kukalia." Mashine ikazimwa, nikasikia pumzi yake. "Niambie kitu kimoja tu. Huko mbele, hafi?"

Nikamwambia simu inakatika, simsikii. Nikaikata.

Jana alipiga mara mbili. Mara zote nilimwambia Eliza aseme nimelala. Mara ya pili alikataa, akaniwekea simu kwenye blanketi, akasema, "Baba, mimi kusema uongo ulinichapa. Leo unanituma?" Simu ikaita mpaka ikanyamaza yenyewe. Mjukuu wangu alikuwa sakafuni akichora. Akaangua kicheko, akasema kwa ile sauti ya kike, "Hayupo, ametoka kidogo! Mama, babu kafanya kama Katundu!"

Hapana. Katundu alimdanganya Kifo ili mtoto acheke. Mimi namdanganya mama wa mtoto yuleyule ili niendelee kuitwa Mwalimu.

Leo asubuhi nilimwambia Eliza akae, nikamweleza yote. Alinifunga kifungo cha sweta kilichofunguka, akanipa simu.

Zawadi alisikiliza mpaka mwisho. Kisha kimya kirefu, nikadhani kweli sasa imekatika. "Mwalimu," akasema, "ile habari ya dunia mbili nimewaeleza watu miaka yote hii. Nimewaeleza hata wageni. Nimeisema kwa mdomo wangu." Akavuta pumzi. "Sasa ruhusa naomba kwa nani?" Nikampa namba ya Rujewa. Hakuniaga kwa ile adabu yake, na nilistahili hivyo.

Halafu nikampigia mdogo wangu. Nilimweleza daftari, darasa, mvua, mgolole, na kwamba Jumatatu nimewaruhusu wamuue Katundu kwa maneno yaleyale niliyomwambia Tusa. Hapo kikohozi kilinishika. Akasubiri nikohoe nimalize.

"Kwa hiyo wataniuliza mimi?"

"Wewe."

"Basi hafi."

"Hafi," nikasema.

"Na waandike jina la Tusa kwanza. Langu watatafuta pa kuliweka."

Nikaanza kuomba msamaha, akanikatiza. "Hapana, kaka. Usinifanyie haraka. Sijasema nimekusamehe. Jumapili nakuja huko na basi la asubuhi, nakuja kuchukua daftari. Mjukuu wangu anajua kusoma, atanisomea. Kuna mengine nimeyasahau." Kisha, kama aliyekuwa anaondoka akarudi mlangoni, "Nitakuja na mchele. Huko kwenu mnapika mawe."

Nayaandika haya hapa na si mahali pa siri, kwa sababu najijua. Nikipewa usiku mmoja nitapata maelezo mazuri. Asomaye na awaambie wengine: Katundu si wa mababu. Ni wa Subilaga, aliyekuwa akiuza nyanya Ilula, na alimtunga kwa ajili ya binti yake Tusajigwe. Soksi ni moja kwa sababu nyingine haikuingia.

Daftari liko mezani, nimelifuta vumbi. Jalada lina jina langu. Nilitaka kulikata kwa kalamu, nikaona heri alione lilivyo.

Leo ni Alhamisi. Sijui kifua hiki kina siku ngapi, na muuguzi anayekuja hapa siku hizi haniangalii usoni anapojibu. Nimemwagiza Eliza kwamba tangu sasa, yeyote atakayebisha hodi asiambiwe nimelala wala nimetoka. Awe mdogo wangu na mchele wake, awe yule mzee wa koti la mvua, aambiwe nipo ndani.

Ila naomba atangulie mdogo wangu.