Manka wa Kando ya Mfereji

Kidia, Old Moshi
Februari 2025

Mwanangu Rukia,

Salamu nyingi kutoka huku juu. Natumaini wewe, watoto na wajukuu hapo Kiusa hamjambo, na lile goti lako limepata nafuu. Nami naendelea, kwa kadiri ya mtu ambaye daktari amekwisha kumwita mwanawe pembeni na kuzungumza naye kwa sauti ya chini. Naandika nimeegemea mito. Ukiona mistari inapanda na kushuka, usidhani ni mwandiko wa mtu mwingine.

Niseme mapema, kabla mkono haujachoka. Kwa zaidi ya miaka thelathini nimewaficha wewe na marehemu mama yako habari za yule binti mliyekuwa mkimtafuta. Sikusahau wala sikukosea. Nilimjua tangu siku ya kwanza mliponitajia jina lake.

Mama yako alipanda kuja kwangu mwaka 1994, msimu wa kuchuma kahawa. Alinitania kwamba amekuja kumwona mwalimu aliyemchapa binti yake kwa kuchelewa namba, na nilipompa chai akacheka, akasema naimimina kama mtu anayesahihisha mtihani. Kisha akaacha kucheka, akanieleza kilichomleta.

Alisema bibi yake, Tausi, alitekwa utotoni huku mlimani pamoja na mdogo wake, enzi za vita vya wamangi, watawala wa Kichaga. Tausi aliuzwa kwa mtu wa misafara akafikishwa Pangani. Mdogo wake, Manka, alibaki mikononi mwa waliowateka. Miaka ilipita, Tausi akawa huru, akaolewa, na reli ilipofika Moshi akarudi na mumewe akakaa mjini, lakini hakuthubutu tena kupanda mlimani. Alipokaribia kufa alimwachia mama yako kazi moja: amtafute Manka, mwenye kovu la moto kwenye shavu la kushoto, na kama amekufa, asomewe dua penye kaburi lake, asilale kama mtu asiye na ndugu.

Mama yako, Rukia, hakusoma zaidi ya darasa la nne, lakini alitafuta kwa namna ambayo ningetamani wanafunzi wangu wote wangeiona. Alikwenda Pangani kwa jamaa za yule aliyemnunua Tausi. Walimkaribisha chakula na kumnyima maneno, mpaka bibi mmoja wa nyumba ile alipomtolea karatasi za kale na kumsomea kwamba mtoto yule alinunuliwa Old Moshi, kwa askari wa Mangi aitwaye Sawaki. Baadaye akapata nakala ya hesabu ya watu na kodi ya wakati wa Mwingereza. Humo Sawaki ameandikwa ana wanawake wawili. Wa kwanza ana jina, tena ni mke. Wa pili ameandikwa “mwanamke”, basi.

Sawaki ni babu yangu. Mama yako aliiweka nakala ile mezani, akaniuliza kwa heshima zote kama huyo wa pili hakuwa Manka.

Nilimjibu kama mwalimu wa historia. Nilimwambia makarani wa zamani walikuwa na kawaida ya kumwandika mama mzazi wa mwenye nyumba kana kwamba ni mke wa pili. Nikamwambia mateka wadogo wengi walikufa kwa ndui, na kwamba katika nyumba yetu jina la Manka halijapata kutajwa. Sauti niliyotumia ni ileile niliyokufundishia wewe. Akaikunja karatasi yake. Aliniomba radhi kwa kuishuku nyumba yangu, na tulipofika getini akasema kwamba amepata ahueni kidogo, maana kama Manka alikufa mtoto, basi hakuteseka muda mrefu.

Manka hakufa mtoto. Alinilea mimi. Kovu lile nimelishika kwa vidole vyangu nikiwa nimepakatwa mapajani mwake. Sawaki alimzalisha mtoto mmoja, bila mahari na bila harusi, na mtoto huyo ndiye baba yangu. Kila Manka alipopika kitawa, uji wetu wa ndizi, alitenga kidogo kwenye kibakuli na kukifunika kwa jani la mgomba. Nilipomuuliza ni cha nani, alinijibu kwamba ni cha dada, maana akifika atakuwa na njaa. Wenzangu walinicheka kwamba bibi yangu anapikia mzimu. Nami nilicheka nao.

Alifariki mwaka 1951, mwaka mmoja baada ya Tausi. Miaka yote hiyo dada yake alikuwa hapo chini mjini, mwendo wa asubuhi moja kwa miguu. Manka hakupata kuteremka. Ndizi zake zilipelekwa sokoni na wanawake wengine, na huenda Tausi alizinunua, akazimenya, akala. Hilo ndilo ninalolifikiria siku hizi ninapoletewa chakula.

Basi mimi na mama yako tulikuwa ndugu. Yeye alikaa barazani kwangu akinywa chai ya ndugu yake, nami nikamwambia ndugu yake hayupo.

Utauliza kwa nini. Wakati ule binamu yangu Eliakim, mjukuu wa yule mke mwenye jina, alikuwa amenishtaki mbele ya ukoo. Alisema baba yangu alikuwa mtoto wa mateka, kwa hiyo sina haki katika kihamba hiki, shamba la urithi wa ukoo. Wazee wa ukoo walikuwa wamepanga kuja kukikagua. Ndipo mama yako akatokea na karatasi ambayo Eliakim angeipokea kwa mikono miwili. Nilikuwa na watoto sita na migomba hii.

Kulikuwa pia na kaburi. Manka alipokufa ukoo ulikataa alazwe kwenye safu ya makaburi ya juu, na baba akamzika chini, peke yake, kando ya mfereji, akamzungushia masale, mimea tunayopanda penye makaburi. Mzee yeyote wa Kichaga angeyaona masale yale mahali pale angeuliza nani amelala hapo, na kwa nini hayuko na wenzake. Mama yako alipokwisha kuondoka nilichukua jembe. Niliyang'oa masale yote, nikasawazisha udongo, nikapanda miche ya kahawa juu yake. Wazee walikuja, wakanywa mbege, wakazunguka kihamba chote wasione kitu. Wakanipa haki. Eliakim alihamia Bomang'ombe, akafa huko akiitwa mwongo, naye alikuwa amesema kweli.

Nilijiambia kwamba siku moja nitayarudisha masale. Kisha zikaja mvua kubwa za mwaka 1998, mfereji ukapasuka na kushika njia nyingine, udongo ukateremka. Kahawa ile ikazeeka, mwanangu akaing'oa akapanda migomba.

Mwezi uliopita ulikuja na udi, ukaniambia mama yako amefariki akiwa bado anamtaja Manka, na kwamba hata nikikuonyesha upande tu, mtasoma dua na kurudi nyumbani. Nikakujibu sijui. Ukasema, shukrani mwalimu, tumekuchosha.

Ulipoondoka nilimweleza mwanangu yote, naye akanibeba mgongoni mpaka kule chini. Nilikusudia kukuita urudi siku ileile. Nilimwonyesha mahali, akachomeka kijiti. Nikasema hapana, ni pale. Akachomeka kingine. Tuliendelea hivyo hadi mvua ilipotufukuza, na vijiti vilikuwa vimesimama kila mahali kama maharage yanayongoja kutambaa.

Nisalimie watoto wote, na mdogo wako Shamsia. Usiniombee msamaha kwa mama yako. Sikuuomba alipokuwa barazani kwangu. Njooni msome dua popote mtakapopenda katika kihamba hiki, mwanangu atawafungulia. Lakini kaburi msiniulize. Nilipokujibu sijui, nilidhani nakudanganya. Nimeshuka na kuangalia, Rukia, na sijui.

Ni mimi mjomba wako,
Aminieli, mjukuu wa Manka