Moduli Yako ya Mizinga

Kaka Elia,

Shikamoo. Najua huitikii tena, lakini mama hakunilea nimpite mkubwa wangu bila salamu, hata kama amelala chini ya udongo wa Kinyangiri.

Tangu figo zikuondoe, mama amehamia kwangu hapa Ikungi. Akipika mlenda bado anakuwekea wako pembeni, kisha anaumwagia kuku huku analia. Tulipoanua matanga ukoo ulikaa ukagawa vitu vyako: koti kwa baba mdogo wa Rungwa, baiskeli kwa binamu, kompyuta kwangu. Hakuna aliyeuliza moduli yako, kile kipande cha programu ulichoandika cha kusoma mizani iliyo chini ya mizinga ya nyuki, inarithiwa na nani. Wangejuaje? Wazee walijua tu kwamba ulikuwa kwenye duka letu la kopi "unachapachapa."

Kisha ikaja barua pepe kutoka kwa wale wanaoandika programu yenu kubwa ya lugha ya kompyuta ya C, ile ya kukusanya vipimo, ambayo watu wa nchi nyingi wanaijenga bure. Walisema hujibu, na moduli isiyo na mtunzaji itaondolewa kabla ya toleo lijalo. Hujibu! Kaka, nilitaka kuwatukana. Halafu nikakumbuka kwamba hakuna aliyewapa habari. Nikawaambia. Walitoa pole, na zilikuwa pole za kweli, lakini moduli ikabaki kwenye foleni ya kufutwa. Na ikifutwa, baba mdogo atarudi kuzunguka porini akifunua mizinga kwa kubahatisha, wakati sasa mizani inamletea ujumbe kwenye simu kwamba asali imejaa.

Nikashika kompyuta ili niiokoe. Unakumbuka ulivyonifundisha? Kila tukiongeza kitu, uliniamuru nikompaili, yaani niijenge programu nzima, kwanza moduli ikiwa imezimwa, ndipo niiwashe. "Ijengeke kwanza bila sisi," ulikuwa unasema. Mimi nilitaka tu kuiona ikifanya kazi. Ulinicheka, ukaniita Bibi Haraka asiye na baraka. Ulisema watu wengi duniani hawana mizinga, na kuwabebesha mizani yetu ni sawa na mgeni kuhamisha vitanda vya mwenyeji.

Lakini uchungu hauna adabu. Moduli ile ni ya hiari. Anayejenga programu bila kuiomba hapati hata mstari wake mmoja. Zamani niliona ni sawa. Safari hii jambo hilo lilinichoma. Niliona kama kila mmoja anakuzika upya kwenye mashine yake. Kwenye mstari unaouliza kama moduli iwashwe, nikageuza "hapana" kuwa "ndiyo," ili yeyote anayejenga programu akujenge na wewe. Nikawatumia.

Kulipokucha, mashine zao za majaribio zilikuwa zimegoma karibu zote, maana hazina maktaba, ile programu saidizi ya kusomea mizani. Mkaguzi, mama mmoja wa mbali, alinirudishia kwa maneno machache. Alisema anaelewa kwa nini nimefanya vile, ila kazi ya kaka yangu ilipendwa kwa sababu haikumsumbua asiyeihitaji. Nililia mbele ya wateja. Aliyekuja kutoa kopi aliondoka na karatasi zake kabla sijamtolea.

Nilimweleza mama. Akafikiri, akauliza, "Kwa hiyo anayemtaka lazima amwite?" Nikasema ndiyo. "Basi mwite wewe, mwanangu. Wengine waache."

Nimerudisha "hapana." Nimekompaili ikiwa imezimwa, nimekompaili ikiwa imewashwa, zote zimepita. Mkaguzi ameridhika. Likabaki sharti moja, nalo ndilo lililonivunja. Juu ya mafaili yako utaendelea kuitwa mwandishi, hapo hakuna wa kukugusa. Lakini mtunzaji lazima awe mtu anayeweza kujibu. Kwenye mstari wa mtunzaji nilitakiwa nifute jina lako, niandike langu.

Udongo kaburini niliweza kutupa, kaka. Hili lilinishinda. Wiki nzima nilifungua faili lile nikalifunga. Mara nawatengenezea watu vitambulisho, mara nafagia duka ambalo ni safi. Leo asubuhi nimelifuta, herufi moja moja, kuanzia nyuma. Ilipobaki ile ya kwanza nilinyanyuka nikaenda kusimama nje. Kisha nikarudi.

Wamekubali. Moduli inabaki.

Pumzika, kaka yangu, na Mungu akuangalie pale nisipofika. Nakuahidi: mtu yeyote, wa Rungwa au wa ng'ambo, akiandika kuuliza habari za mizani yetu, hatakutafuta akakukosa. Nitajibu mimi.

Mdogo wako,
Neema