Salma, Barua Yako ya Chuo Ilifika

Rayners Lane, London
Jumapili, baada ya adhuhuri

Shoga yangu Salma,

Ungeniona ungenicheka. Karatasi ya kwanza nimeianza kwa Kiingereza, anwani juu, tarehe pembeni, kama tulivyofundishwa. Nikaandika "Dear Salma", nikaona huyo ninayemwandikia simjui. Nikaichana. Mimi na wewe hatukuwahi kuambiana jambo la maana kwa Kiingereza. Kiingereza kilikuwa cha darasani na cha kondakta wa basi.

Nina habari nyingi, na moja ni nzito kuliko zote: barua yako ya chuo ilifika. Nitakueleza ilivyofika. Lakini niache nianze mbali kidogo, maana nikianzia hapo sitafika mwisho.

Unakumbuka mwalimu alivyonikalisha siku yangu ya kwanza pale skuli? Alimtafuta Mhindi mwenzangu, akampata msichana aliyezaliwa Delhi, akaniweka ubavuni mwake akidhani amenifanyia hisani. Hatukuelewana hata neno moja. Nilikuwa nimefika kutoka Mombasa wiki mbili tu, vidole vimekufa ganzi, nikajisemea, "Mungu wangu, baridi hii itaniua." Nikasikia sauti nyuma yangu: "Haiui hiyo. Inatesa tu."

Niligeuka nikakuona wewe, mtandio mweupe, uso mkavu kabisa, kama si wewe uliyesema. Nilitaka kulia kwa furaha. Wewe na mama yako na mdogo wako Raya mlikuwa mmeshafika kutoka Unguja mwaka mmoja kabla yetu, baba yenu amebaki huko na habari zake chache. Tangu siku ile ukawa mwenyeji wangu. Ulinionyesha duka linalouza dengu, ukanifundisha kuvaa soksi mbili mbili. Na ulinicheka! Mimi mtoto wa Kibokoni, Mombasa, ambako njoo husemwa ndoo, nilikuwa nikikuita, "Ndoo hapa, Salma," nawe unaitikia, "Ndoo ya nini, ya maji?" Kila siku, hukuchoka. Miaka miwili na nusu, mzaha ule ule, na mimi kila siku nikacheka.

Na ile ya "kaka". Ulisikia binamu zangu wanamwita baba yangu kaka, ukaiga. Kwa Kigujarati kaka ni baba mdogo, lakini mama yako hakulijua hilo. Siku aliyokusikia unamwamkia mzee wa watu, mwenye mvi zake, "Shikamoo, kaka," alikufinya mkono mpaka ukaruka. Baba alicheka hadi akavua miwani. Sikuwa nimemwona akicheka hivyo tangu tufunge duka letu kule nyumbani.

Sasa nifike kwenye mwaka wetu wa mwisho.

Ulikuwa mpango wako wewe, si wangu. Likizo ile ya kiangazi wenzetu walikwenda kuogelea, wewe ukanivuta maktaba, ukachana karatasi mbili za katikati ya daftari, ukachora mistari kwa rula. Septemba: fomu za chuo. Oktoba na Novemba: kurudia kemia yote ya mwaka wa kwanza. Krismasi: mitihani ya zamani, mmoja kwa siku. Baada ya Pasaka: hakuna sinema. Ukaandika pembeni, "Isipokuwa moja." Karatasi yangu niliibandika ndani ya mlango wa kabati la nguo, mama asiione.

Wewe ulitaka ufamasia. Ulisema, "Nimemeza vidonge vya pumu tangu nina miaka minne. Nataka kujua vikishaingia vinakwenda wapi." Mimi nilipenda hisabati, lakini sikuthubutu kusema napenda mpaka ulipolisema wewe kwa niaba yangu. Tulikwenda pamoja kwa yule mwalimu wa kushauri wasichana juu ya kazi. Wewe akakwambia unesi ni kazi nzuri kwa wasichana wenye subira. Mimi akaniambia nijifunze kupiga taipu. Nilikuwa nimeshasimama niondoke. Wewe ukabaki umekaa, mikono juu ya mapaja, ukamwuliza kwa adabu zote, "Na fomu za chuo kikuu, Miss, ziko kabati gani?" Tulitoka na fomu mbili.

Kwetu ndiko kulikokuwa na kazi. Baba alishaniulizia nafasi benki, tena alikuwa na haki ya kuogopa. Alikuwa amehamisha nyumba nzima kwa masanduku manne, na sasa anafunga balbu kiwandani na watu wanaomwita jina lisilo lake kwa sababu lake hawaliwezi. Alisema, "Tumeshatawanyika vya kutosha. Huyu simtoi." Nilinyamaza. Nilikuwa hodari wa kunyamaza.

Wewe, uliyekuwa umekaa nasi kwenye chai, uliweka kikombe chako chini. "Kaka," ukamwambia, "hatoki. Analala hapa hapa. Asubuhi tunapanda treni pamoja, jioni tunarudi pamoja. Mimi nitamgongea mlango." Baba akamaliza chai yake. Kisha akasema maneno ambayo baadaye nilikuja kuyachukia: "Basi chuo kimoja, treni moja. Wewe ukiwa naye, aende. La sivyo, benki."

Tulijaza fomu zetu kwenu, juu ya meza ya kupigia pasi, maana ya kulia ilikuwa na cherehani ya mama yako. Chuo cha kwanza tuliandika kimoja, kama ulivyomwahidi baba. Penye uraia ulikwama. Uliacha wazi siku mbili. Ulisema, "Nikiandika wa kule, wale waliotufukuza watafurahi. Nikiandika wa hapa, nitakuwa nimesema uongo." Sikumbuki ulichoandika mwishowe. Nakumbuka tu ulivyokandamiza kalamu.

Januari nikapata jibu langu. Chuo kimenikubali kusoma hisabati, nikipata alama walizotaka. Lako halikuja. Wewe walikuita kwanza wakuone. Ulivaa koti la mama yako, mikono umeikunja kwa ndani ukaitia pini. Uliporudi uliniambia mzee mmoja alikuuliza kama ukimaliza utarudi kwenu. Ukamjibu, "Ndiyo, bwana, kila jioni. Ni Rayners Lane." Wakacheka wote, na wewe hukujua kama wamekupenda au wamekudharau.

Baada ya hapo tukangoja. Kila asubuhi nilikuuliza kwa macho, nawe unatikisa kichwa kabla sijafungua mdomo. Nikasema, "Itakuja kesho." Nililisema neno hilo kama mara ishirini hivi. Kuta za chumba chenu zilikuwa zinatoka maji mwezi ule, hita ya mafuta ya taa inanuka, na kifua chako kinapiga filimbi tangu mlangoni.

Jumatatu ile tulipotoka skuli ulisimama mara mbili kupumzika. Mara ya pili, Salma, mimi nilitangulia. Nilikuwa na baridi, nilitaka kuwahi basi. Nilikaa ndani ya basi nikakuona dirishani unakuja polepole, ukanipungia mkono niende. Nikaenda.

Jumanne asubuhi pumu ilikubana ukiwa unafunga viatu. Raya ndiye aliyekimbia kwenye simu ya barabarani. Hukufika hospitali.

Sijui kuandika yaliyofuata. Wanaume walikuzika, sisi wanawake tukabaki kwenu tukikusomea Kurani. Baba yangu alikuwa miongoni mwa waliokubeba. Aliporudi alikaa ngazini na viatu vyake vyenye udongo, na sote tukaruka mguu wake tukipita, hakuna aliyemwambia asogee.

Benki hakuitaja. Mimi pia chuo sikukitaja. Neno lake nalijua, nalo lilikuwa limekuhitaji wewe. Nilibandua ile karatasi kabatini, nikaikunja.

Wiki tatu zikapita. Jumamosi asubuhi mama yako akabisha hodi. Kanga chini, koti juu, bahasha mkononi, haijafunguliwa. Akasema, "Shirin, mwanangu, hii ina jina lake. Kizungu changu hakifiki huko. Nisomee."

Niliijua kabla sijaichana. Nilisoma kimoyomoyo kwanza, kisha nikaanza kumgeuzia kwa Kiswahili. Nikasema, "Wanafurahi kukupa nafasi ya kusoma ufamasia." Kukupa, si kumpa. Nilikosea, kana kwamba umekaa hapo nakusomea wewe. Mama yako hakunisahihisha. Alisema tu, "Rudia." Nikarudia. Akasema tena, "Rudia."

Walikutaka, Salma. Alama walizokuomba ungezipata umelala.

Ndani mlikuwa na kadi ya kurudisha. Ina visanduku viwili, cha kukubali na cha kukataa, uweke alama kimoja. Nilimweleza. Mama yako aliishika kadi ile akaitazama mbele na nyuma, kama anatafuta kisanduku cha tatu. Halafu akasema, "Waandikie. Lakini usiandike kwamba hataki."

Sikuweka alama popote. Niliandika barua. Niliandika kwamba Miss Salma alifariki mwanzoni mwa Februari, kwamba nafasi hii aliitaka sana, na kwamba mama yake anawashukuru. Mistari mitatu, na nikaiharibu mara nne. Baada ya siku chache yule mzee aliyekuuliza maswali alijibu kwa mkono wake. Alisema anakukumbuka, na wenzake bado wanalisimulia jibu lako. Kwa hiyo walikupenda. Nilitaka ulijue hilo.

Lakini sijamaliza ya Jumamosi ile. Baba alikuwepo muda wote, kwenye kiti chake, gazeti limefunika uso. Mama yako alipoinuka hakwenda mlangoni. Alikwenda akasimama mbele yake. Unamjua mama yako, mbele ya wanaume hasemi. Siku ile alisema.

"Baba Shirin, mwanangu alikuahidi kitu."

Baba akashusha gazeti.

"Alikuahidi atakwenda na huyu na kurudi naye. Ameondoka na ahadi yake haijatimia. Mrithi wake ni mimi. Mimi kila siku napanda treni kwenda kushona mjini. Nitamgongea mlango mimi."

Baba alikunja gazeti. Aliinuka akaingia jikoni, tukasikia sufuria, na mama yangu akanitazama kwa mshangao kwa sababu baba hajapata kupika chai maishani mwake. Alirudi na kikombe, imemwagika nusu kwenye kisahani, akampa mama yako kwa mikono miwili. Akamwuliza, "Hiyo treni ni ya saa ngapi?"

Nilifanya mitihani Juni. Nilipasi. Ya kemia niliifanya nikiwa na mistari yako kichwani. Sinema hata ile moja sikwenda.

Sasa nimemaliza muhula wa kwanza. Kila siku saa moja na robo mama yako hugonga mara mbili, hangoji nimjibu. Wiki za mwanzo tulikaa kimya tu, mkoba wake mapajani, mimi natazama nje. Siku moja, treni imesimama katikati ya stesheni mbili bila sababu, akaanza kunisimulia ulivyokula chaki ya ustadhi madrasa ukaapa ni maziwa yameganda. Tangu hapo hanyamazi. Nimekujua upya, shoga. Mengine sikukujua nayo, na mengine nadhani hukutaka niyajue.

Jioni huniuliza, "Leo wamekutia nini kichwani?" nami namweleza, na yeye huitikia kwa kichwa kwa makini kama fundi anayesikiliza fundi mwenzake. Raya ameshakuwa mrefu, tunamsemesha anatujibu kwa Kiingereza kitupu. Anauliza sana, kama wewe.

Maabara yenu ya ufamasia iko ghorofa ya pili. Muhula huu wote nilikuwa napanda ngazi za upande wa pili nisiipite. Juzi niliipita. Mlango ulikuwa wazi, wanafunzi wamevaa makoti meupe, mmoja amevunja chupa na wote wanacheka. Nilisimama kidogo. Halafu nikaenda zangu darasani, na nilikuwa nimechelewa.

Kuna jambo moja nakuficha, na sipendi kukuficha. Darasani nakaa peke yangu. Naweka koti langu kwenye kiti cha pembeni ili mtu asikae. Kuna msichana mmoja wa Cardiff, mcheshi, anaongea haraka simfuati vizuri. Ameniuliza mara tatu kama nitakwenda naye kunywa chai Jumatano baada ya mhadhara. Mara tatu nimesema nina kazi. Nilimwambia mama yako, nikidhani atanisifu kwa kukutunzia nafasi yako. Alinitazama vile alivyokuwa akikutazama wewe ukikosea. Akasema, "Salma hakai kwenye kiti. Toa koti."

Basi nakuaga, shoga yangu, si kwamba nakuacha. Mola akupanulie ulipo, na akupe pumzi ndefu isiyobana. Mama yako nitampokelea mkoba kila asubuhi atakaponiruhusu, na Raya nitamsomesha hesabu apende asipende. Na muhula ukifunguliwa, Jumatano ya kwanza, yule wa Cardiff akiniuliza tena, nitakwenda. Asiponiuliza, nitamwuliza mimi.

Akupendaye,
Shirin