Fungate ya Muundi

Jumatano, 25 Julai 1956

Muundi wa mguu wa kushoto unawaka moto. Nimerudi kutoka mazoezini nikichechemea. Dresa wa zahanati kanibonyeza mfupa, nikaruka. Kasema raba zangu zimekwisha soli, barabara ni ngumu, na maili nimeziongeza kwa pupa. Nipumzike wiki tatu, la sivyo mfupa utapasuka.

Wiki tatu! Mbio za walimu kule Kwale ni Jumamosi ya wiki ijayo. Mwaka jana nilikuwa wa pili, na Mwalimu Sefu hajachoka kunitania. Na keshokutwa naoa. Bwana harusi kiguru!

Ijumaa, 27 Julai

Nimeoa, alhamdulillahi. Nimeingia ukweni polepole, nimeuma meno. Watu wamesifu – kijana ana haya, anatembea kwa adabu. Bi Tumu, somo aliyemfunda bibi harusi, hakudanganyika. Siku saba msitoke ndani, kasema, macho kwenye mguu wangu.

Jumapili, 29 Julai

Mke wangu Mwanafatuma. Kuliandika jina lake tu kunanipa raha.

Leo kauliza mguu una nini. Nikasema hauna kitu. Kumbe kila alfajiri nikipita nyuma ya nyumba yao, yeye alikuwa macho, akisikiliza. Zamani nyayo zangu zilikuwa sawa, kasema. Mwezi huu kisigino cha kushoto kinapiga kama mtu anayetwanga.

Nami nilikuwa nikipita pale makusudi, nikitaraji kumwona!

Jumanne, 31 Julai

Nakandwa asubuhi, nakandwa jioni. Mafuta ya nazi tele, nanukia kama wali. Dresa aliagiza misuli ya mbele itiwe nguvu maumivu yakipungua, basi Mwanafatuma katia nazi ndani ya leso, kanitundikia mguuni, niinyanyue mara ishirini. Bi Tumu kaingia na sinia, katukuta hivyo. Katoka kwenda kuwasimulia wenzake. Wanawake wamecheka uani mpaka adhuhuri.

Nampenda. Nimeshaandika, sifuti.

Alhamisi, 2 Agosti

Fungate imekwisha. Nikitembea siumwi. Sefu kaja barazani – jina langu limo kwenye orodha ya mbio, lori litapita Jumamosi saa moja.

Mwanafatuma kasema niende nikatazame tu. Nikishapona nikimbie mchangani, hatua fupi, raba mpya, na mwaka ujao niwashinde wote. Mwaka ujao! Tumenuniana. Ugomvi wetu wa kwanza, umedumu mpaka chai.

Jumamosi, 4 Agosti

Lori liko nje. Sefu anaita.

Mwanafatuma kaketi mkekani, raba zangu mapajani. Kazifua.

“Sikukatazi, bwana,” kasema. “Niambie kweli tu. Hauumi?”

“Hauumi.”

“Hata kidogo?”

“Hata kidogo.”

Nimemwomba dakika moja niandike. Kanikubalia. Kidole gumba chake kiko juu ya muundi, pale pale penyewe, bado hajabonyeza. Hautazami mguu. Ananitazama usoni.