Pete za Darubini na Makopo Matano ya Risasi

Shemeji Mafuru,

Ni mimi Magesa, mdogo wake mke wako, yule wa Bunda. Nimekaa juu ya jiwe lako la kulindia. Shamba la viazi liko chini yangu na kaburi lako naliona pale kwenye mikonge. Karatasi nimeiweka juu ya kitako cha bunduki mpya. Ndiyo, mpya! Ya upepo kama yako, na ina darubini juu. Ungeiona ungesema, "Magesa, hii umemwibia nani?"

Nikueleze tangu mwanzo. Siku ya kumaliza msiba wako, ndugu zako walisema shamba hili la kwenye mawe liachwe, pimbi watalimaliza, mwanamke hawezi kulinda. Dada Nyangeta ameinamisha kichwa tu. Unanijua, mdomo wangu hauombagi ruhusa. Nikasimama nikasema, "Haliachwi! Nitalilinda mimi. Pimbi wa Butiama nzima wananifahamu kwa sura." Watu wakacheka, lakini neno lilikuwa limeshatoka, na udongo wako bado mbichi. Wazee wakasema sawa, tutakuja kuangalia viazi vikikomaa. Pimbi wakivimaliza, Nyangeta anarudi kwao Bunda.

Bunduki yako ilikuwepo ukutani, ila haikuwa na cha kula. Unakumbuka miaka ile ya foleni? Duka zima viberiti na majani ya chai. Ulikuwa unayeyusha vile vizito vya nyavu za samaki, unamimina kwenye vitundu vya udongo, halafu tunakaa kunyoa risasi moja moja kwa kisu. Nane kwa asubuhi nzima. Na kwa nane hizo ulirudi na pimbi sita. Mimi kule Bunda nasemaga walikuwa tisa, na mpigaji nilikuwa mimi.

Basi, mimi mwenye makuu nikataka mpya, nikaipata Mwanza pamoja na darubini yake, kibali nikachukua polisi. Zikabaki pete za kuifungia darubini, na risasi. Nikapanda lori mpaka Musoma. Shemeji, Musoma hii ungeiona! Wewe umeondoka maduka yanaanza kujaa, na ulikuwa kitandani, hukuyaona. Nimeingia kwa mama mmoja anauza vifaa vya uvuvi na uwindaji, pete zimepangwa kwenye kioo kama za harusi. Akaniuliza, "Unataka zipi?"

Hapo nikakwama. Mimi Magesa! Miaka yote tulikuwa tunauliza kitu kimoja tu: ipo? Ikiwepo unabeba, mengine utayajua nyumbani. Nikanyoosha kidole kwenye pete kubwa zinazong'aa, na risasi makopo matano, upesi, kabla wa nyuma yangu hajazimaliza. Nyuma yangu hakukuwa na mtu. Mama yule akasema, "Baba, hii si foleni ya sukari. Mtutu wako ni wa namba ngapi?" Nikamjibu, "Mama, mimi nimeanza kupiga bunduki hujafungua duka." Akanifungia.

Nyumbani, pete zikawa pana kuliko darubini yenyewe. Nikafanya kama tulivyofanyaga kwa kila kitu, nikakata mpira wa baiskeli nikajazia. Risasi nazo nene, haziingii kwenye mtutu. Nikazinyoa kwa kisu. Nikalenga, nikapiga. Darubini ikateleza, ikarudi nyuma, ikanipasua nyusi. Pimbi hata hawakuacha kuota jua. Watu wa Bunda niliwaambia kidonda hicho ni mkia wa mamba.

Wiki mbili hivyo. Matuta yaliyo karibu na mawe yakaliwa majani yote. Halafu siku moja nikamkuta dada anafunga vyombo vyake kwenye kapu. Anakunja, anafunga. Shemeji, nilikuja kukaa hapa nikakuita. Nilikuita kweli, kwa sauti. Wewe nawe... basi. Nikakumbuka tu ulivyokuwa unaniambia nikikosa: "Punguza maneno, angalia kwanza."

Nikarudi Musoma na bunduki yenyewe, nimeizungushia blanketi. Safari hii nikanyamaza. Mama yule akapima bomba la darubini, akapima mfereji wa juu ya bunduki, akatoa pete zinazobana vyote viwili. Si ndefu, shavu likae vizuri kwenye kitako, wala si fupi, kioo cha mbele kisiguse mtutu. Ya nyuma ina kipini cha kuzuia isiteleze. Mpira akautupa. Akanionyesha mtutu wangu ni milimita nne na nusu, na makopo yangu ni ya tano na nusu. Unajua ya nani ni tano na nusu? Yako. Jicho langu lilichagua risasi linazozijua.

Akanipa risasi za mtutu wangu, kidogo kidogo za kujaribu, kichwa bapa, chenye ncha na cha duara. Nikapigia karatasi hatua thelathini. Bapa zikatangatanga, za ncha zikatawanyika. Za duara zote zimeingia penye upana wa kizibo cha soda. Nakuapia. Haya, mbili zilitoka nje.

Yale makopo matano sikuyarudisha. Dada alipoyaona akaishusha bunduki yako, akaipaka mafuta, akatia risasi moja. Ikaingia kama imerudi kwao. Nikamwambia, "Dada, acha, hiyo kazi ya wanaume." Akasema, "We Magesa, mume wangu alivyolala miezi yote ile, ulidhani pimbi wanapigwa na nani?" Nikamuuliza mbona siku ya msiba hakusema. "Risasi zilikuwa zimeisha. Na nani aliniuliza?"

Kumbe ulimfundisha, hukuniambia!

Asubuhi yake mimi nahangaika na kioo, natafuta dume moja la pimbi lenye sikio lililochanika. Nikasikia paa! Dada alikuwa jiwe la pili. Dume chini. Bila darubini.

Viazi vimekomaa, shemeji, vinapasua matuta. Wazee walikuja juzi. Wakauliza nani amelinda. Nikafungua mdomo, nikasema mimi. Dada akacheka tu, akawaandalia uji. Wakasema, vizuri, kama Magesa yupo shamba libaki. Kama Magesa yupo! Siku nisipokuwepo je? Neno hilo limenikaa kama mwiba wa samaki.

Jumapili wanakuja kula viazi vipya. Nakuahidi, nitasimama palepale niliposimama siku ile, niseme shamba amelilinda Nyangeta kwa bunduki ya mume wake, na ni lake, niwepo nisiwepo. Dume lilikuwa hatua thelathini. Nikisema sitini nisamehe, lakini mpigaji nitamtaja aliyepiga.

Pumzika, shemeji yangu. Naacha kuandika. Dada ananipungia mkono kutoka jiwe la pili niache kujisomea kwa sauti, pimbi wametoka.

Magesa