Isale la Baba

Machame, 14 Juni 2024. Asubuhi hii kuna ukungu na manyunyu, mlima hauonekani.

Kaka Eliufoo,

Shikamoo. Ng'ombe amezaa ndama jike, na upepo umeangusha migomba miwili. Mama hajambo.

Jana Baba alikuja kwangu kuomba msamaha, akiwa na baba mdogo Jackson na jani la isale mkononi. Unajua hapa kwetu anayeleta isale hakataliwi. Nilitandika kitambaa mezani, nikaandaa chai. Nilitaka kweli kumsamehe, Kaka. Miaka yote ile alinisimamisha mbele ya wageni nisome ripoti yangu ya shule ili wanicheke, nami nilidhani jana ingekuwa mwisho.

Baba akaninyooshea jani. "Haya pokea, we zuzu, yaishe. Hata chai yenyewe imekushinda."

Baba mdogo akacheka. "Mzee anatania tu, Aikaeli. Pokea."

"Sipokei," nikasema. Baba akaondoka na jani lake. Baadaye Mama alinipigia simu akilia, akasema nimeuaibisha ukoo mzima.

Sasa Baba na baba mdogo wanapanga kukuletea isale na wewe huko Dodoma. Ukitaka kupokea, pokea, sitakulaumu. Ila kwanza msikilize atakuitaje.

Mimi usiku wa kuamkia leo niliinuka kitandani mara nyingi kukagua komeo la mlango, ingawa najua Baba hatembei gizani. Usingizi ulinichukua saa tisa.

Mdogo wako,
Aikaeli